Picha Ndani ya Mkia wa Ndege

Naanza kwa kuishukuru serikali. Kalamu hii ni yake, karatasi hizi ni zake, na hata muda wa kuandika, ambao sasa ninao tele, ni yenyewe iliyonipa.

Mimi ni Sefu Kilindo, karani, mtu mdogo asiye na maoni. Kwa miaka ishirini na miwili niliandika kumbukumbu katika Wizara ya Anga na Mambo ya Juu, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuniuliza nafikiri nini, wala mimi sikumsumbua mtu kwa kumwambia. Wizara yetu ilikuwa na wafanyakazi mia nne na kumi na wawili, na haikuwa na ndege hata moja. Nisieleweke vibaya. Anga tulikuwa nalo. Kila asubuhi ofisa wa zamu alitoka kibarazani, akalitazama, akaandika kwenye daftari: "Lipo."

Tungeendelea hivyo kwa raha zetu kama isingekuja taarifa kwamba kuna mwanamke kule Mtaa wa Gereji anatengeneza ndege uani kwake.

Jina lake Chausiku binti Mgaya. Kazi yake ilikuwa kuziba matangi ya maji yaliyopasuka na bampa za malori, kwa kitambaa cha fibaglasi na gundi ya epoksi, na mtaani walimwita Fundi. Kwao ni Ng'ambo, upande wa pili wa Bonde, ambako mvua zikianza hakuna anayetoka wala anayeingia kwa miezi mitatu. Daraja la kwenda huko lilikuwa limeshazinduliwa mara tatu. Mara ya kwanza lilizinduliwa jiwe la msingi. Mara ya pili likazinduliwa jiwe jingine, kwa sababu lile la kwanza lilisombwa na maji. Mara ya tatu ikazinduliwa kamati ya kutafuta mawe mazito zaidi. Katika mvua zilizofuata uzinduzi wa tatu, mama yake Fundi alifia kando ya maji, siku ya nne ya kusubiri, huku paa la hospitali analiona upande wa pili. Ndipo Fundi alipoanza kutengeneza ndege, ya watu wawili, ya kumleta mgonjwa mmoja na kumrudisha.

Sina maoni juu ya daraja.

* * *

Wizara ilikutana kwa dharura. Ajenda ilikuwa moja: tumkamate au tumpongeze? Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Profesa Bonaventura Lwakisa, aliyesikiliza akiwa amefumba macho kama kawaida yake, aliamua tumpongeze kwanza. Kuanzia siku ile ndege ya Chausiku ikaitwa Ndege ya Kwanza ya Taifa, na Chausiku akaitwa mshiriki.

"Kilindo," Waziri akaniambia, "nenda ukajifunze hiyo kazi. Serikali haiwezi kumiliki kitu isichokijua."

Kijana mmoja wa mipango akasema, "Mheshimiwa, mbona viko vingi tu?"

Alihamishiwa kituo cha kupima mvua jangwani, na mimi nikaenda Mtaa wa Gereji.

Nilimkuta Fundi amevaa glovu na barakoa, mwanamke mfupi, mwembamba, nywele zimejaa vumbi jeupe la msasa. Ndege ilikuwa juu ya vigogo viwili chini ya turubai. Nilitegemea mabati, nikaona sponji ngumu iliyochongwa kwa ustadi, ikavishwa kitambaa juu ya kitambaa, kikaloweshwa gundi, kikakauka kikawa kigumu kuliko ubao. Nilimweleza kuwa nimetumwa na serikali kujifunza.

"Kujifunza kweli, baba Karani, au kuandika kwamba umejifunza?"

Sikuwa nimewahi kujua kama kuna tofauti. Nikasema, "Kweli."

"Haya. Vua koti."

Somo la kwanza lilikuwa mizani, mizani ndogo ya jikoni. Gundi gramu mia, kigumishi gramu arobaini na nne. Nikamuuliza kama hatuwezi kuongeza kidogo, kwa heshima tu, isionekane tumebana. Akanitazama. "Hii haina heshima, baba. Ukizidisha haigandi, ukipunguza haigandi. Haijali wewe ni nani." Nilishtuka kidogo. Miaka ishirini na miwili yote serikalini sijakutana na kitu kisichojali mtu ni nani.

Sasa niseme nilivyoharibu, maana niliharibu sana. Siku ya kwanza nilichanganya ndoo nzima ili tumalize mapema, nikaikoroga kwa nguvu kama ugali wa msibani, na kabla sijaweka mwiko chini ndoo ikaanza kufuka moshi. Fundi aliikimbiza mchangani kwa koleo huku akinipa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya serikali. Kumbe gundi ile ikiwa nyingi mahali pamoja inajipika yenyewe. Inachanganywa kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, na kila kikombe una dakika ishirini tu. Siku ya pili nilimimina gundi mpaka kitambaa kikaogelea. Kwetu mgeni hapakuliwi kwa kupimiwa, nami nilikihurumia kile kitambaa. "Umekishibisha," Fundi akasema. "Hakitaki kushiba, kinataka kulowa. Gundi iliyozidi ni uzito, haina nguvu." Siku ya tatu nilisahau kupaka nta kwenye kalibu inayokipa kipande umbo, kipande na kalibu vikafunga ndoa, mpaka leo viko pamoja. Nyumbani mke wangu alinihamishia sebuleni kwa sababu ya muwasho wa zile nyuzi.

Lakini nilirudi. Sijui nisemeje. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na kitu pekee nilichowahi kutengeneza maishani kilikuwa mihtasari ya vikao.

Kipande changu cha mazoezi kilikuwa kishikio cha mkia. Ni kitu cha ukubwa wa sahani ya chai, tabaka kumi za kitambaa, boliti nne, na kazi yake ni kukishika kile kibawa cha nyuma kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Kikivunjika angani, ndege inaangalia chini na haiangalii tena juu. Fundi alinichagulia hicho makusudi. "Ili ujue unachofanya," akasema.

Kisha akanifundisha kugonga. Unachukua shilingi, unagonga kipande chako taratibu, kila upana wa kidole, na unasikiliza. Tabaka zilizoshikana zinalia ti, ti, ti. Zilizoachana ndani, hata kama kwa macho huoni kitu, zinasema du.

Ilinibidi nimkumbushe kanuni. Shilingi yetu ina kichwa cha Mlezi Mkuu, mtawala wetu, na ni kosa kukigonga kichwa hicho popote.

Fundi aliichukua ile shilingi, akaitazama pande zote mbili. Halafu akasema, "Geuza basi, ugonge kwa upande wa ng'ombe."

Kipande cha kwanza mpaka cha nane vyote vilisema du mahali fulani. Cha tisa niligonga chote, mbele na nyuma, mara tatu. Fundi akakichukua, akakigonga mwenyewe, akaweka sikio, akanirudishia. "Hiki kinaruka," akasema, akaendelea na kazi yake. Nilikwenda nyuma ya tangi nikalia, mtu mzima mimi, kwa furaha.

* * *

Ndege ilipokaribia kwisha, Wizara ilikuja kuichukua kwa matarumbeta. Fundi aliambiwa ataruka nayo Siku ya Anga, mbele ya Mlezi Mkuu, na akiruka vizuri itafikiriwa kuona kama inaweza kufikiriwa iende Ng'ambo. Alikubali. Angefanyaje? Ndege ilikuwa tayari juu ya lori.

Kilichobaki kutengenezwa kilikuwa kishikio halisi cha mkia, na ikaamriwa kitengenezwe na Mheshimiwa Waziri kwa mkono wake, hadharani. Fundi, ambaye ana akili, aliomba hotuba zitangulie na gundi ichanganywe baadaye. Hotuba zilichukua saa tatu na robo. Waziri alisema fibaglasi ni sera. Alisema gundi ni itikadi. Alisema kabla ya uongozi huu nchi ilikuwa haina hata muwasho. Kisha akavalishwa glovu za dhahabu, na chini ya maelekezo ya Fundi akalaza tabaka ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, na nitasema haki: alilaza vizuri. Mkono wake haukuwa mbaya. Nilianza kumpenda.

Hapo ndipo Mwanasheria wa Wizara aliposimama na Kanuni ya Tisa. Kanuni ya Tisa inasema kila mali ya taifa lazima iwe na picha ya Mlezi Mkuu mahali pa heshima. Wakubwa wakakaa pembeni kujadili mahali hapo ni wapi. Puani haifai, upepo utampiga usoni. Mkiani kwa nje haifai, maana yake ataachwa nyuma. Tumboni haifai kabisa, ndege ikiwa juu watu watamtazama kwa chini. Ikaamuliwa awekwe ndani, katikati ya kile kishikio, moyoni, tabaka tano chini yake na tano juu yake. Ikaletwa picha rasmi, inayong'aa, iliyofunikwa plastiki ili isilowe machozi ya wananchi.

Fundi akasogea. "Samahani, Mheshimiwa. Hiyo ni plastiki. Gundi haishiki kwenye plastiki. Zile tabaka zitaachana."

"Mama," Waziri akajibu, akimgeukia kwa upole huku kamera zikimfuata, "wananchi milioni thelathini wameshikamana na Mlezi Mkuu. Gundi ni nani?"

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu sana. Picha ikawekwa, tabaka tano zikalazwa juu yake, na kesho yake kishikio kikapakwa rangi za taifa.

Mimi ndiye niliyekikagua. Niligonga kwa upande wa ng'ombe. Pembeni: ti, ti, ti. Nikasogea katikati, pale alipo yeye. Du. Nikasogeza kidole. Du. Picha nzima, kuanzia kofia mpaka nishani, du.

Fundi alikuwa amesimama karibu, akasikia. Akamwambia Mwanasheria kwamba kishikio kile kitamuua, kivunjwe, atatengeneza kingine kwa siku moja. Mwanasheria alifungua vitabu vyake, akafafanua kwamba kukivunja ni kumvunja Mlezi Mkuu, ambalo ni kosa la kunyongwa, na kumtoa humo ni mapinduzi. Kisha akanigeukia mimi, akanisogezea Kitabu cha Ukaguzi.

Niliandika: "Sauti nzuri."

Niliandika hivyo, mbele ya Fundi, kwa mwandiko mzuri. Naona haya mpaka leo.

Hakunitukana. Alikunja tu aproni yake. Wakati anapita karibu yangu kwenda nje aliniambia, "Nikikataa kuruka wataipeleka makumbusho, baba Karani, na kwetu mvua zinaanza mwezi ujao. Nitaruka." Nilipofika nyumbani nikakuta kwenye mfuko wa koti langu spana namba kumi na tatu. Boliti za kishikio ni namba kumi na tatu. Sijui aliiweka saa ngapi.

* * *

Siku ya Anga ilikuwa ya jua kali. Ndege ilisimama nyuma ya jukwaa, imezungukwa na askari sita, Fundi yuko ndani amefungwa mkanda. Mimi nilikuwa karibu na mkia na daftari langu, kwa kuwa mkaguzi anaruhusiwa. Chini ya koti, kwapani, nilikuwa na kile kipande changu cha tisa. Nilikuwa nimekipaka rangi za taifa kwa mabaki ya kopo.

Wageni hawajui kwamba wimbo wetu wa taifa una beti kumi na tisa. Ukipigwa, kila mtu anasimama wima, anainua uso juu, mkono kifuani, na anafumba macho kwa hisia. Anayefumbua anashtakiwa, miaka mitano, ingawa sijawahi kuelewa anaonwa na nani.

Bendi ikaanza. Watu elfu themanini wakafumba macho. Mimi nikafumbua.

Nilikuwa na hofu, jamani. Niliimba kwa nguvu kuliko siku zote, kwa sababu askari waliokuwa karibu wanaijua sauti yangu na ingekosekana wangeshangaa. Nati ya kwanza ilifunguka ubeti wa tatu. Ya pili, wa tano. Ya tatu iliniangukia kwenye nyasi na niliitafuta kwa magoti ubeti mzima wa nane, ule unaosifu mito yetu. Ya nne ilikuwa imekazwa na mtu mwenye mapenzi ya nchi. Nilining'inia kwenye spana mpaka ubeti wa kumi na mbili, ndipo ikalegea. Nikamtoa yule wa pichani, nikakiweka kipande changu, nikaanza kukaza. Ubeti wa kumi na nne, wa kumi na tano, wa kumi na saba. Nilipofikia ubeti wa mwisho nilikuwa nimesimama wima, uso juu, na mkono kifuani, ambako chini ya koti nilikuwa nimemkumbatia Mlezi Mkuu. Hakuna mwananchi aliyeimba siku ile akiwa karibu naye kuliko mimi.

Fundi hakugeuka. Alitazama mbele tu, macho wazi.

Aliruka. Aliinuka mwisho wa uwanja kama ndege ya kweli, kwa sababu ilikuwa ndege ya kweli, akazunguka jukwaa mara mbili, pua ikapanda, pua ikashuka, akatua taratibu. Nililia tena, na nikasamehewa, kwa sababu kila mtu alikuwa ameamriwa kulia.

* * *

Ingeishia hapo ningekuwa na furaha. Lakini wiki iliyofuata ikatoka Tamko. Tamko lilisema kwamba imethibitika kisayansi, mbele ya mashahidi elfu themanini, kuwa picha ya Mlezi Mkuu ikiwekwa ndani ya fibaglasi inaongeza uimara. Kwa hiyo ndege nyingine kumi na mbili zitengenezwe mara moja, ziruke zote mbele ya Mlezi Mkuu, na picha ziwekwe kila mahali: mkiani, kwenye mabawa, kwenye kiti cha rubani, picha ishirini na sita kwa kila ndege, na ziwe kubwa zaidi. Ndege ya Fundi ikapelekwa makumbusho. Mvua zilianza Ng'ambo.

Mimi nilipandishwa cheo. Nikawa Mgongaji Mkuu wa Taifa.

Soma tena hapo juu, uone nilichofanya. Nilimwokoa mtu mmoja kwa siri, na siri yangu ikawa ushahidi wao.

Zilipokamilika nilizigonga zote kumi na mbili. Ilinichukua siku nne. Du. Du. Du. Marubani walikuwa vijana waliochaguliwa kwa mchujo, wanakuja asubuhi kuzifuta vumbi ndege zao na kuzipa majina. Mmoja alikuwa mpwa wa Waziri, Deodati, kijana mpole mwenye kucheka ovyo. Alikuwa akiniuliza, "Vipi, mzee, inaimba?" Nami nikawa nashindwa kumtazama.

Nikakitoa kile kishikio cha zamani chini ya kitanda, nikakitia kwenye gunia, nikaenda kwa Waziri. Nikafunga mlango, nikakiweka mezani. Nikagonga pembeni, nikagonga katikati. Alisikiliza bila kufumba macho.

"Hiki ndicho chako, Mheshimiwa. Kilichoruka kilikuwa changu. Hakina picha."

Alikigeuza upande huu na ule. Kisha akasema polepole, "Nilikuona, Kilindo. Ubeti wa kumi na moja. Unaning'inia kwenye spana kama nyani."

"Ulifumbua macho, Mheshimiwa?"

"Nilifumbua. Nilitaka kumwona yule mama kwa mara ya mwisho. Nilipokuona wewe nikashukuru Mungu, nikafumba tena. Mimi si mnyama." Akajifuta uso kwa leso. "Lakini sasa Mlezi Mkuu amefurahi. Unaelewa? Amefurahi. Fanya tena vilevile."

"Ndege kumi na mbili, Mheshimiwa, kila moja picha ishirini na sita. Wimbo hautoshi."

Alicheka kidogo, cheko baya. "Nani mwingine amesikia hiyo sauti?"

"Humu ndani, sisi wawili."

"Basi hakuna aliyesikia. Kesho saa mbili, kabla ya kuruka, marubani wanasaini Kitabu cha Ukaguzi chini ya maneno yako. Andika sauti nzuri, nenda kalale."

Kesho yake saa moja na nusu nilifungua Kitabu. Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno yangu ya mara ya kwanza, yale ya mwandiko mzuri. Niliyatazama. Nikamkumbuka Fundi anakunja aproni. Halafu nikaandika chini yake ukaguzi wa kwanza wa kweli katika miaka ishirini na miwili:

"Ndege zote kumi na mbili ni imara, isipokuwa penye picha."

* * *

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa nimeshachukuliwa na askari. Nimesimuliwa na Fundi Chausiku, ambaye huja Jumapili na chungwa na dakika kumi.

Anasema ukurasa ulichanwa saa mbili na nusu, lakini marubani walikuwa wameshausaini saa mbili, na mtu hasaini bila kupitisha jicho. Kumi na mmoja waliumwa tumbo siku ileile. Hospitali ya taifa ilitangaza kipindupindu. Wa kumi na mbili alikuwa Deodati, ambaye hajawahi kusoma kitu kabla ya kukisaini. Ni wa ukoo wa uongozi. Akapanda, akawasha injini, akapunga mkono akicheka.

Hapo, mbele ya Mlezi Mkuu, mbele ya kamera, Mheshimiwa Dakta Profesa Bonaventura Lwakisa aliruka kutoka jukwaani, kiatu kimoja kikabaki, akakimbia kukatiza njia ya ndege akipeperusha koti lake. "Zima!" alikuwa akipiga kelele. "Shuka, mwanangu! Shuka, litakuua hilo!" Alijilaza chini mbele ya gurudumu. Watu elfu themanini walimsikia.

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba Waziri alikimbia kumuaga mpwa wake kwa mapenzi ya kizalendo. Naye yuko salama, ni balozi mahali fulani penye baridi. Zile ndege zimefungwa minyororo uwanjani na zinahesabiwa kuwa zimeruka. Daraja la Ng'ambo litazinduliwa tena. Fundi ameanza ndege nyingine, wapi sitasema, na kishikio chake cha mkia ni kile cha tisa. Aliingia makumbusho na spana namba kumi na tatu wakati wimbo unapigwa.

Mimi nilishtakiwa kwa kumgonga Mlezi Mkuu kwa ng'ombe, na kwa kuandika kwamba penye picha si imara. Hakimu aliniuliza kama nina la kujitetea. Nikasema waletewe shilingi, wagonge wenyewe. Nikaongezewa miaka miwili.

Lakini sitaki msomaji afikiri nina kinyongo. Serikali yetu ikiamua kujenga inajua. Shilingi walininyang'anya mlangoni, kwa hiyo nimetumia kifundo cha kidole, taratibu, kila upana wa kidole, kama nilivyofundishwa. Kuta zote nne za chumba hiki nimezigonga kuanzia sakafuni mpaka ninapofika. Ni imara kila mahali, hata penye picha.